Runinga Imenena, Saundibaa Imenyamaza: Nani Alaumiwe?

Nyumba yetu ni miongoni mwa zile za Mji wa Kale wa Mombasa zilizoegemeana ukuta kwa ukuta, ambamo kikohozi cha jirani husikika kama cha mtu wa ndani. Ada yetu kwa miaka mingi imekuwa moja. Baada ya swala ya Magharibi jamaa hukusanyika ukumbini, kahawa na kashata huwekwa katikati, na taarifa ya habari ya saa moja husikilizwa kwa pamoja. Mwenye kikao hicho ni Nyanya, ambaye umri wake umepita miaka 80. Yeye ndiye hufafanua habari zinapokwisha, akatukumbusha mambo kama hayo yalivyokuwa zamani na nani alisema nini.

Mwaka jana Nyanya alianza kulalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wanatafuna maneno. Kisha akawa anauliza kila baada ya sentensi mbili, "Amesema nini huyo?" Hatimaye akaacha kuuliza. Akawa anakunywa kahawa yake, anaaga mapema na kurudi chumbani. Tulidhani amechoka na habari. Ilituchukua miezi kufahamu kwamba alikuwa amechoka kukaa mahali ambapo hasikii, na alikuwa anaona haya kutusumbua.

Lawama haikuwa ya watangazaji. Runinga za sasa ni nyembamba mno, na ndani ya wembamba huo hamna nafasi ya spika za maana. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, hivi kwamba sauti hugonga ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Masikio ya mtu mzima nayo, kadiri umri unavyosonga, hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini hapambanui anachosema. Ukiongeza sauti, mvumo nao huongezeka, na maneno hubaki katika ukungu ule ule.

Basi tukachanga, kila mwenye kazi akatoa alichojaaliwa, tukanunua saundibaa: ile spika ndefu, nyembamba, ilazwayo chini ya runinga ikimkabili msikilizaji uso kwa uso. Jioni ya kwanza Nyanya alisikiliza habari zote mpaka hali ya hewa. Alipoondoka alikuwa na maoni juu ya kila jambo, nasi tukajua kwamba amerudi.

Furaha ile ilidumu wiki 3.

Siku saundibaa iliponyamaza

Ilikuwa Jumamosi. Umeme ulikatika adhuhuri ukarudi alasiri. Magharibi tulipowasha runinga, ilinena kwa sauti yake ya zamani, nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, na saundibaa ikawa bubu ingawa taa yake inawaka. Hukumu ilitolewa papo hapo. Katika nyumba yetu yumo kijana wa miaka 11 ambaye huchezea mchezo wake wa video kwenye runinga hiyo hiyo. Hakuulizwa neno. Aliambiwa kwamba ameharibu kitu cha Nyanya, na kwamba ukumbini asionekane mpaka kitengenezwe. Alijitetea mara moja tu, kisha akanyamaza na kutoka.

Tulimpigia simu fundi mmoja. Bila kukiona chombo alisema kwamba umeme uliporudi kwa kishindo bila shaka umeunguza bodi, na akataja bei iliyokaribia nusu ya saundibaa mpya. Tulikuwa tumekwisha kuifunga ndani ya boksi lake tuipeleke, alipoingia mjomba wetu. Huyu alifanya kazi ya umeme bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Wanangu, msafiri asipofika hamuanzi kumchimbia kaburi. Mwafuata njia aliyopita, mwauliza kituo kwa kituo. Je, njia ya sauti mmeifuata?"

Hatukuwa tumeifuata. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyojifunza usiku ule, pamoja na mengine tuliyoyajua baadaye. Tunayaandika kwa sababu tangu hapo tumeulizwa swali hilo hilo na jamaa watatu, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kumkasirikia mtu nyumbani.

Vituo vya safari ya sauti

Sauti huanza kwenye chanzo chake: king'amuzi, flashi, mchezo wa video au programu iliyo ndani ya runinga yenyewe. Kutoka hapo hupita ndani ya runinga, hutokea kwenye tundu la nyuma, husafiri kwa waya, huingia kwenye tundu la saundibaa, na saundibaa ikaipaaza. Kituo kimoja kikifungwa, safari nzima imekwisha, na kwa aliyeketi kitini dalili ni ile ile ya ukimya. Kwa hiyo mtu asibadilishe mambo manne kwa pamoja. Abadilishe moja, asikilize, kisha aende kwenye la pili. Vinginevyo hata akifaulu hatajua ni lipi lililomponya, na siku ya pili ataanza upya.

Mjomba alianzia mwisho wa njia. Aliirudisha saundibaa mahali pake, akaiweka kwenye Bluetooth, akaiunganisha na simu yake na kucheza kisomo kilichokuwa humo. Ukumbi mzima ulijaa sauti. "Bodi iliyoungua haisomi hivi," alisema. Dakika 2 hizo zilituokolea fedha alizotaka fundi. Wasomaji wetu, jambo hili liwe la kwanza daima: ikiwa saundibaa inacheza kutoka simuni, basi spika na mtambo wake ni vizima, na kosa liko nyuma yake.

Kituo cha pili ni runinga. Je, inanena kwa spika zake yenyewe? Ikiwa king'amuzi hakisikiki hata humo, basi tatizo ni la king'amuzi au waya wake, na saundibaa haina dhambi. Yetu ilikuwa inanena. Hiyo ilikuwa ni dalili: sauti ilikuwepo, ila haikuelekezwa nje. Mjomba alifungua menyu ya mipangilio, akaingia upande wa sauti, akatafuta mahali pa kuchagua spika itakayotumika. Huko huandikwa TV Speaker, Optical, HDMI ARC, au Bluetooth. Runinga yetu ilikuwa imerudi kwenye spika zake yenyewe. Alijaribu kuichagua HDMI ARC, nayo ikakataa, ikidai kwamba haioni chombo chochote.

Kituo cha tatu ni saundibaa kujua inasikiliza mlango upi. Ina milango mingi, nayo husikiliza mmoja tu kwa wakati. Kwenye rimoti yake kuna kitufe cha kuchagua chanzo, na kwenye uso wake huonekana herufi kama BT, AUX, OPT au ARC, au taa ya rangi fulani kwa kila mlango. Mtu akiisikiliza simu mchana kwa Bluetooth kisha akasahau kuirudisha, usiku runinga itapiga hodi mlango ambao hauna mwenyewe. Tuliirudisha kwenye ARC. Ukimya ulibaki pale pale.

Herufi tatu nyuma ya runinga

Hapo mjomba aliuliza nani mwenye macho mazuri. Tukatazamana. Mwenye macho mazuri alikuwa nje, ngazini, kwa amri yetu. Akaitwa. Alilala kifudifudi nyuma ya meza na tochi mkononi, akasoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kila tundu. Kisha akasema, "Babu, waya wa saundibaa uko kwenye HDMI 1. Lakini iliyoandikwa ARC ni HDMI 2."

Hapa yafaa tueleze. Waya wa HDMI kwa kawaida huingiza picha na sauti ndani ya runinga. Mwaka 2009, toleo la HDMI 1.4 liliongeza njia ya kurudi, iitwayo ARC, ambayo huruhusu sauti kutoka runingani kupitia waya ule ule na kwenda kwenye spika za nje. Baadaye, toleo la 2.1 la mwaka 2017 lilileta eARC, yenye uwezo wa kubeba sauti nyingi na bora zaidi. Lakini njia hiyo ya kurudi haipo kwenye kila tundu. Runinga nyingi zina tundu moja tu lenye herufi ARC au eARC. Ukichomeka kwenye jingine, waya utakaa sawasawa, hautalegea, wala hautapitisha sauti yoyote ya kurudi.

Upande wa saundibaa kuna mtego mwingine. Tundu linalohitajika huenda likaandikwa HDMI OUT pamoja na herufi ARC, na mtu akajiuliza vipi sauti iingie penye neno la kutoka. Ndilo hilo hilo. Saundibaa zenye HDMI IN huwa zimeweka tundu hilo kwa ajili ya king'amuzi au chombo kingine kinachochomekwa moja kwa moja.

Basi nani aliuhamisha waya? Ilitubidi tukumbuke. Ijumaa tulikuwa na wageni wa posa, na sisi watu wazima tuliisogeza meza ya runinga ili kuongeza mikeka. Tulichomoa nyaya wenyewe, na usiku tulizirudisha wenyewe, kwa haraka, bila kusoma. Mchezo wa kijana ulikuwa kwenye tundu lake la HDMI 3 kama ulivyokuwa tangu mwanzo, haukuguswa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kijana alichomoa waya akauchomeka HDMI 2.

Kufahamiana kwa vyombo

Bado ukimya. Mjomba alitueleza kwamba vyombo vya HDMI havizungumzi kabla ya kufahamiana. Kuna mawasiliano yaitwayo CEC, ambayo huwezesha kimoja kukiamsha kingine, na huifanya rimoti ya runinga iongoze sauti ya saundibaa. Katika runinga nyingi ARC haifanyi kazi CEC ikiwa imezimwa. Kuitafuta huwa taabu, kwa kuwa kila mtengenezaji ameipa jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, na Sony huiita Bravia Sync. Huko ndiko pa kutafuta ndani ya mipangilio, na ihakikishwe imewashwa pande zote mbili.

Yetu ilikuwa imewashwa, kwa hiyo likabaki la mwisho. Kuzima kwa rimoti si kuzima. Ni kulala jicho moja wazi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, vyombo huweza kuamka kila kimoja na kumbukumbu mbovu ya mwenziwe. Dawa yake ni kuchomoa plagi za runinga na saundibaa kutoka soketini, kungoja dakika chache, kisha kuzirudisha na kuwasha upya. Tulichomoa. Tulikunywa kahawa. Tuliporudisha, maandishi ya ARC yalijitokeza kwenye uso wa saundibaa, na sauti ya mtangazaji ikajaa ukumbini.

Kwa sisi wa Pwani kuna nasaha mbili zaidi. Umeme unapokatika, zimeni swichi za soketi za vyombo hivi mpaka utulie baada ya kurudi, au tumieni kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme mwingi. Pili, hewa yetu ya chumvi hula chuma taratibu. Waya uliokaa miaka bila kuguswa huweza kushika kutu au ukungu kwenye ncha zake. Vyombo vikiwa vimechomolewa umeme, utoeni na kuurudisha mara kadhaa, na ncha zake zifuteni kwa kitambaa kikavu.

Sauti ipo huku, haipo kule

Siku chache baadaye likazuka jipya. Habari zilisikika, lakini filamu iliyokuwa kwenye flashi ilionyesha picha bila sauti. Safari hii hakuna aliyelaumiwa, aliitwa kijana.

Sababu ni lugha. Sauti ya dijitali huandikwa kwa mifumo mbalimbali. PCM ndiyo sahili, na karibu kila chombo huielewa. Dolby Digital na DTS ni mifumo ya sauti za spika nyingi, na saundibaa ya bei ya kadiri huenda isiufahamu mmojawapo. Runinga ikimpelekea asiyemfahamu, hunyamaza. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya dijitali ya runinga na, badala ya Auto au Bitstream, chagueni PCM. Ving'amuzi vingi navyo vina mahali kama hapo kwenye menyu yao. Ikiwa idhaa moja inasikika na nyingine haisikiki, anzieni hapo. Ikiwa faili lenyewe liko katika mfumo ambao hata runinga hauujui, hakuna waya utakaosaidia.

Wasio na ARC

Runinga ya miaka mingi huenda isiwe na ARC. Njia ya pili kwa ubora ni waya wa mwanga, wenye tundu lililoandikwa OPTICAL. Ncha zake mara nyingi huja na vifuniko vidogo vya plastiki vya kuondolewa kwanza, na wengi huchomeka navyo kisha wakashangaa. Una upande wake wa kuingilia, usiulazimishe. Ukiuchomeka runingani na kutazama ncha ya pili kwa mbali, utaona nuru nyekundu, na hiyo ni dalili kwamba runinga inatuma. Usiukunje kwa nguvu, kwani ndani hupita mwanga. Waya huu haubebi amri za CEC, hivyo sauti huongozwa kwa rimoti ya saundibaa.

Njia ya tatu ni waya mwembamba kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni kwenda AUX. Hapo yafaa kupandisha sauti ya runinga yenyewe pia, maana ikiwa chini saundibaa hupokea mnong'ono. Ama matundu mekundu na meupe, someni kwanza. Mengi nyuma ya runinga ni ya kuingizia sauti, wala si ya kuitoa. Linalofaa ni lile tu lililoandikwa AUDIO OUT.

Bluetooth ni njia ya mwisho. Haina waya, lakini huichelewesha sauti, mdomo wa mtangazaji ukafunga kabla ya neno kufika. Katika mitaa iliyobanana kama yetu, huenda pia ikashikana na simu isiyohusika. Usiku mmoja saundibaa yetu ilitangaza mechi iliyokuwa ikitazamwa simuni na kijana wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amewahi kuiunganisha alipotutembelea. Mkiona sauti na mdomo havipatani hata kwa waya, kuna kipimo cha AV Sync kinachohesabiwa kwa milisekunde, 1,000 zikiwa sekunde moja. Kumbukeni kwamba kipimo hicho huweza kuichelewesha sauti, hakiwezi kuiwahisha. Ikiwa sauti ndiyo inayochelewa, kishusheni mpaka sifuri, na mchague PCM.

Fundi ana siku yake

Hatusemi kwamba fundi hahitajiki. Saundibaa isiyowasha taa hata kwenye soketi nyingine iliyo nzima, iliyotoa harufu ya kuungua au iliyoingiwa na maji, ni ya fundi. Msiifungue nyumbani, kwani ndani ya vyombo hivi kuna sehemu zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Lakini mwendeeni mkiwa na habari kamili: imejaribiwa kwa simu, kwa waya mwingine, kwa tundu lililo sahihi. Fundi mwema atafurahi kurahisishiwa kazi.

Kwa mwenye mzee nyumbani, tafuteni kitufe kiitwacho Voice, Dialogue au Clear Voice. Hunyanyua maneno juu ya muziki na mvumo, na kwa Nyanya kilifanya kazi kubwa kuliko kuongeza sauti. Kilitupunguzia pia dhima ya jirani, ambaye ukuta wake ni ukuta wetu. Pamoja na hayo tumemchukulia Nyanya miadi ya kupimwa masikio, jambo ambalo lilistahili kutangulia ununuzi wowote, kwa sababu saundibaa haimfuati mtu sokoni wala kwenye barza ya wanawake wenzake.

Limebaki la kijana. Usiku ule ule, mbele ya wote waliomsikia akilaumiwa, tulimwomba radhi. Alisema si kitu, kwa namna ambayo watoto husema neno hilo wakiwa wameumia. Nyanya akamwita akakaa karibu naye, akamuuliza taa na herufi zile zina maana gani, naye akamweleza moja moja mpaka habari zikaisha. Siku hizi rimoti ya saundibaa hukaa kwake. Jana, mtangazaji alipoanza, Nyanya alimgusa bega.

"Punguza kidogo, mjukuu wangu," alisema. "Nyumba ya pili wana mtoto mchanga."